Mtego wa biva kwenye mdomo wa kalvati

Mwanangu,

Unakwenda kumtega biva, mnyama mgugunaji mkubwa wa majini anayeziba kalvati kwa matawi na tope. Kabla ya kugusa maji, jifunze kamba. Mtego namba 330, ule unaombana mnyama mwilini na kumuua, una fremu mbili za chuma za mraba, kila upande kama sentimita 25, na springi mbili kali. Ukikubana mkono, mkono uliobaki hauna nguvu ya kuufungua. Chukua kamba imara ya mita moja na nusu, funga kitanzi ncha moja, na isikutoke mfukoni. Ukinaswa, pitisha ncha nyingine kwenye pete zote mbili za springi, izungushe ipite humo tena, kanyaga kitanzi, vuta mpaka springi ijikunje, kisha tia kulabu ya usalama, ile inayoishikilia springi isifunguke. Hamia springi ya pili. Fanyia mazoezi nyumbani, mtego ukiwa umebana gogo, kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Na usiende mtoni peke yako.

Soma pia sheria ya jimbo unalofanyia kazi. Massachusetts, Marekani, wapiga kura waliikataa mitego hii mwaka 1996. Tangu 2000 hupatikana kibali cha dharura pale biva wanapohatarisha afya au usalama wa watu.

Tafuta mfereji ambao biva wameuchimba kwa kupitapita: chini pamelainika, hapana majani yaliyotuama. Ukiwa mpana kuliko mtego, ziba pembeni kwa vijiti vikavu. Vikavu, nasema; ukichomeka matawi mabichi ya mpopla, biva atakula uzio wako.

Mtego wote uzame. Juu yake laza gogo kavu linalogusa maji: biva anayeogelea juujuu akilikuta hupiga mbizi, na mbizi hiyo humpeleka ndani ya fremu. Mtego usiozama ni hatari kwa mbwa wa watu.

Kazi kubwa ni kuusimamisha. Piga vigingi kupitia springi, kisha utikise. Ukiyumba, biva ataugusa kwa bega, utaanguka na kufyatuka kitupu, na aliyeponea chupuchupu ni mgumu kunasa tena. Funga mnyororo kwa waya nene kwenye mti wa ukingoni.

Kama kuna fisi maji, sogeza waya za kifyatuo pembeni kabisa mwa fremu. Fisi maji mwembamba atapenya. Biva, kwa upana wake, lazima atazigusa. Wengi huziacha katikati kwa uvivu, wakaua wasichokitafuta.

Kulabu za usalama ziondoe mwisho, vidole vikiwa nje ya fremu. Ukisahau moja, mtego hufunga nusu na mnyama huteseka.

Kagua kila siku: majani yanayoletwa na mkondo hufyatua mtego, barafu huugandisha. Biva wakiisha, weka uzio wa wavu wa chuma mbele ya kalvati, kwani wengine watahamia hapo.

Mama yako