Barua ya wazi: Kanuni za bahari bado zinangoja sahihi yako

Kwa Mheshimiwa unayesimamia uvuvi,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu na heshima unayostahili, tunakuandikia sisi wavuvi na wachuuzi wa samaki wa Mombasa, kuhusu kanuni ndogo za uvuvi tulizokuletea uziidhinishe. Juya, ule wavu mkubwa unaokokotwa chini ya bahari, limeburutwa tena usiku juu ya nyasi za ndani ya mwamba wa matumbawe, mahali ambapo bandari nzima ilikubaliana pasivuliwe. Madema, yaani mitego ya samaki ya kusukwa, yaliyotegwa pale yamezolewa na kuvunjika. Asubuhi yake ufuoni walimwagwa samaki wachanga, tafi na changu, wa urefu wa kidole. Kamati ya BMU, chama cha wavuvi kinachosimamia bandari yetu, iliwaita waliohusika, ikafoka, ikawaachia, kwa kuwa haikuwa na la kuwafanya.

Mheshimiwa, juya limepigwa marufuku tangu 2001, pamoja na bunduki ya samaki. Pwani yote inalijua hilo. Tatizo ni kwamba mkononi mwa kamati kuna njia mbili tu: kumpeleka mtu mahakamani au kumwacha. Mahakama ni ushahidi, nauli, siku za bahari zinazopotea, na kijana wa jirani kulala rumande kwa ajili ya wavu usio wake. Juya huhitaji watu kumi hadi ishirini kulivuta. Mwenye wavu ni tajiri, naye usiku huo amelala kwake. Mjumbe wa kamati anaswali na wazazi wa vijana hao, anazikana nao. Hawezi kuwapeleka kortini kila bamvua, yaani kila maji makuu, kwa hiyo ananyamaza. Mtu yeyote angenyamaza.

Sasa mtazame mvuvi wa dema aliyetii. Aliambiwa aache mwanya mwembamba ubavuni mwa dema, kama sentimita 3 hadi 4 kwa upana na 30 kwa urefu, samaki wachanga wapite na wakubwa wabaki. Mwanya huo unafaa, maana changu mmoja aliyekomaa humpa mchuuzi bei nzuri kuliko fungu la watoto wake. Lakini faida yake huja baada ya miezi, tena kama wale walioachiliwa wataachwa wakue. Wakizolewa na juya usiku uleule, aliyetii amempa mwenzake kitoweo bure. Wiki ya pili anauziba mwanya kwa fito. Wiki ya tatu jirani yake anamwiga. Ukienda kuwahubiria wote wawili watakusikiliza kwa adabu, kisha kila mmoja atarudi kuhesabu hasara yake.

Ndiyo maana kanuni zetu ndogo, zilizo mezani kwako, zimepanga adhabu kwa ngazi. Kosa la kwanza ni onyo mbele ya kamati na jina kuandikwa daftarini. La pili ni faini isiyozidi mauzo ya siku moja, na mwenye wavu ndiye wa kwanza kuilipa. La tatu, chombo hakishushi samaki bandarini kutoka bamvua moja hadi jingine, kama siku kumi na tano. La nne ndipo afisa wa uvuvi anaitwa na mahakama inafuata. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alizichunguza jamii zilizotunza maji, misitu na uvuvi wao kwa vizazi. Aliona adhabu zao huanza ndogo na kupanda, na walinzi wao huwajibika kwa watumiaji wenyewe. Wazee wetu wa bahari hawakuhitaji kuambiwa, ila tunalitaja kwa kuwa ofisi hupenda ushahidi.

Kanuni za serikali kuhusu BMU zinaturuhusu kutunga kanuni kama hizi, lakini hazina nguvu mpaka ziidhinishwe. Uliahidi mbele ya wavuvi kwamba zitarudi na sahihi. Tunakukumbusha ahadi hiyo kwa heshima, na tumechoka kukumbusha.

Mambo mengine mawili yamo katika kanuni zetu. Kwanza, wavuvi wa dago, wanaotoka mbali na kupiga kambi kwa msimu, wajiandikishe katika BMU ya bandari wanayofikia, na waonyeshe nyavu zao kabla ya kuingia majini. Leo wengi huingia na leseni tu, na mwenyeji haulizwi. Pili, mwamba hauishii kwenye mpaka wa bandari. Tukifunga upande wetu na jirani akabaki wazi, tunamlimia yeye. Tunataka mpango mmoja wa usimamizi wa pamoja kwa bandari zinazovua mwamba mmoja.

Doria nayo ina gharama. Bandari ikipokea kilo 200 kwa siku na kutoza shilingi 5 kwa kilo, inapata shilingi 1,000. Hizo ni lita chache za petroli, kabla karani hajalipwa. Kwa hiyo tumeandika kwamba nusu ya kila faini iende kwenye mafuta ya boti.

Ukiona kifungu kibaya, kikate na utueleze sababu. Tutakubali. Tusichoweza kukubali ni karatasi kukaa huku tafi wakimalizwa. Tafi hukusanyika kuzaa msimu wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, karibu na mwezi mpevu, na juya linalowakuta hapo hubeba mbegu ya mwaka mzima. Kaskazi huanza Novemba. Tia sahihi, Mheshimiwa, kabla ya mwezi mpevu wake wa kwanza.

Wako,
Wavuvi na wachuuzi wa samaki, Mombasa