Kabla ya kuchanganya mbegu za pori, tutazame chavua

Mhariri,

Habari za uhifadhi wa mimea pori hutaja idadi: mashina mangapi yamebaki, miche mingapi imepandwa. Idadi haisemi kama mimea hiyo inaweza kuzaa. Ninawaomba wahifadhi wapime chavua na kuhesabu kromosomu, nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni, kabla ya kuhamisha mbegu kutoka eneo moja kwenda jingine.

Tazama Rutidosis leptorrhynchoides, ua la manjano la nyika za kusini-mashariki mwa Australia. Kwa macho ni spishi moja, lakini baadhi ya makundi yake yana kromosomu 22 na mengine 44. Ua hili hukataa chavua yake lenyewe, na hata ya jirani mwenye jeni zilezile za utambuzi. Kundi likipungua, aina za jeni hizo hupotea, na mimea iliyosimama bega kwa bega hushindwa kuchavushana. Basi kuleta mbegu za mbali ni lazima. Ila ukileta za kundi lisilolingana nalo kwa kromosomu, machotara hupata 33, yaani seti tatu za 11. Chavua inapotengenezwa, kromosomu hutafutana na kushikana mbili mbili kabla ya kuachana. Seti ya tatu huvuruga mpango huo. Zilizokosa mwenzi husambaa ovyo, nyingine huachwa katikati ya seli, na chavua nyingi hutoka mbovu. Mmea huchanua vizuri kabisa, mbegu zikawa haba. Inauma kuona juhudi za watu wema zikiishia hapo.

Kuanza kupima si ghali. Pasua chavulio (kifuko cha chavua ndani ya ua) lililokomaa juu ya kioo, dondoshea rangi nyekundu ya maabara iitwayo asetokamini, tazama kwa hadubini ya kawaida. Chembe nzima hujaa na kuwa nyekundu iliyokolea. Mbovu husinyaa na kubaki karibu hazina rangi. Rangi pekee haithibitishi kwamba chembe itaota, kwa hiyo zijaribiwe pia kwenye maji ya sukari yenye boroni kidogo. Kromosomu zinataka ustadi zaidi: tumba lichumwe likiwa bado changa sana, maana likikaribia kufunguka mgawanyiko wa seli zinazotengeneza chavua umeshapita.

Wapo wanaosema maumbile yatajirekebisha yenyewe. Hutokea, kweli. Uingereza, katika karne ya 19, chotara tasa wa nyasi za Spartina alizaa spishi mpya yenye rutuba baada ya kromosomu zake kujirudufu. Lakini Spartina anglica ilienea kwenye matope ya pwani na kuwa kero katika baadhi ya sehemu ilikopelekwa. Huo si mpango wa uhifadhi.

Kila pakiti ya mbegu pori katika benki za mbegu iandikwe, pamoja na mahali ilipokusanywa, idadi ya kromosomu na asilimia ya chavua nzima ya kundi lake.

Msomaji wako,
Mpenda mimea pori