Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: Dixie Classic ilikufaje, na ombi langu kwenu

Wanachama wenzangu, wazee shikamooni, wengine wote hamjambo. Ya kawaida nayamaliza haraka: ada wengi mmelipa na nashukuru sana, mahesabu mhazini ataleta mwenyewe, mazoezi ya Jumamosi hayakukatika isipokuwa zile wiki mbili za barafu. Sasa nije kwenye lile mlilonituma mwaka jana, kwamba kabla hatujaanzisha mashindano yetu ya kikapu ya Desemba hapa Raleigh, North Carolina, nitafute kwanza yale ya zamani ya vyuo, Dixie Classic, yalikuwaje na kwa nini yalikufa.

Aliyeyaanzisha ni Everett Case, kocha wa NC State, chuo cha hapahapa Raleigh, mtu wa Indiana, alifika huku wakati watu walikuwa wanaijua futboli yao tu, kikapu kilikuwa bado yatima. Akakuta ukumbi wa chuo, Reynolds, haujaisha, vyuma vimesimama tu, akakomaa urefushwe mpaka uchukue watu 12,400, na ulipofunguliwa Desemba 1949 Dixie Classic ikaanzia hapohapo. Vyuo vinne ambavyo havijawahi kuivana, NC State, North Carolina, Duke na Wake Forest, vinaletewa wageni wanne kutoka nje, siku 3 kati ya Krismasi na mwaka mpya, na hakuna cha kufungwa ukapanda basi ukarudi kwenu, kila timu inacheza mechi 3. Yamechezwa mara 12, la mwisho Desemba 1960, na jamani, hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuondoka na ubingwa! NC State 7, North Carolina 3, Duke na Wake Forest moja moja. Mzee mmoja jirani yangu alikuwa anapelekwa na baba yake, anasema kwao tiketi ndiyo ilikuwa zawadi ya Krismasi, hakuna nyingine, na mpaka leo akisikia harufu ya koti la sufu lililoloa anaikumbuka ile foleni ya mlangoni.

Utamu ulikuwepo ila na uchungu ulikuwepo, lazima niuseme. Mwaka 1958 walikuja Cincinnati na Oscar Robertson, na Michigan State na Johnny Green, wachezaji weusi wa daraja la juu kabisa Marekani nzima, lakini hoteli za mjini wakati ule hazikupokea mtu mweusi kwahiyo Cincinnati wakalazwa kwenye nyumba ya wanafunzi, halafu uwanjani Robertson akawa anatukanwa na majukwaa. NC State walizifunga timu zote mbili wakachukua ubingwa. Sisi tunaocheza leo mjini hapahapa bila kuulizwa rangi tusikisahau hicho kitu.

Sasa kifo chenyewe. Kilikuja na kubeti. Wacheza kamari hawakuwa wanamwambia mchezaji afungwe, hapana, walikuwa wanamwambia shinda tu lakini usishinde kwa pointi nyingi, kosa mpira mmoja, chelewa kukaba mara moja, tofauti ibaki ndogo, chukua hii bahasha. Kijana anajidanganya kwamba hajaisaliti timu, si tumeshinda? Case alikuwa anaogopa hilo miaka yote, alikuwa anawaita mpaka wapelelezi wa jimbo waje kuongea na wachezaji wake, na bado walikuwemo waliochukua. Ilipofumuka 1961, wachezaji wa NC State na wa North Carolina wakatajwa, na William Friday, rais wa mfumo wa chuo kikuu uliokuwa na vyuo vyote viwili, akayafuta mashindano mwezi Mei. Akazipunguzia timu zake mbili mechi za msimu, akabana na usajili wa wachezaji kutoka mbali. Mashabiki walimbana sana ayarudishe, hakurudi nyuma. Mimi naona alifanya sawa, japo roho inaniuma.

Mwezi wa kumi tulienda sita wetu kwenye kaburi la Case. Aliomba azikwe akiangalia barabara namba 70 ili awapungie mkono vijana wake basi la timu likipita kwenda kucheza na wapinzani. Tukasimama pale kimya, magari yanapita tu. Sehemu ya mali yake aliwaachia wachezaji wake wa zamani.

Nasema yote haya kwa sababu mwezi Agosti kwenye grupu letu mtu alirusha mkeka wa kubeti mechi ya watoto wetu wenyewe, dola tano tano, watu wakaingia, na baadaye mama mmoja akanipigia analia kwamba mwanae wa miaka 16 amefuatwa na mtu mzima kwenye parking akaambiwa apunguze kasi kipindi cha pili. Mtoto alikataa, akamwambia mama yake. Sitataja mtu hapa, nimeshaongea naye uso kwa uso.

Mashindano ya Desemba nayataka sana, timu nne, kila timu mechi tatu kama alivyopanga Case, hakuna mtoto kurudi nyumbani baada ya kufungwa mara moja. Ila naleta hoja mbele yenu: mwanachama akibeti mechi ya chama, hata dola moja, anatoka. Tunapiga kura kwa kunyoosha mikono, na yule kijana na mama yake nimewaomba wakae mstari wa mbele.