Mashine za mia mbili mbili zinakula hesabu ya bosi, ukomo uwekwe kwenye mashine yenyewe

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni. Naona magazeti yanaandika sana kuhusu mikeka ya mpira na zile kampuni kubwa kubwa, ila hizi mashine za kutumbukiza sarafu, hizi tunazoita dubwi, hazina anayezisemea, wakati huku uswahilini ndo zinamaliza watu kuanzia asubuhi mpaka usiku.

Mi ni wakala wa miamala ya simu huku Mbagala na kibanda changu kimepakana ukuta na chumba chenye hizo mashine, kwahiyo haya siyasikii kwa watu, nayaona. Wateja wangu wengi ni vijana wa bodaboda waliopewa pikipiki kwa mkataba, kila siku lazima apeleke hesabu ya bosi, mara nyingi ni elfu kumi, mafuta juu yake, kula juu yake. Kijana anakuja saa nne asubuhi ameshapata abiria watatu wanne, anasema wakala leo nacheza buku mbili tu nichangamshe damu, anaingia ndani. Haipiti robo saa yuko dirishani kwangu anatoa elfu tano. Baadae anatoa tena. Jioni anakuja na sauti ya chini kabisa anauliza kama naweza kumwazima elfu saba hesabu itimie, kesho asubuhi ananirudishia. Na sio vijana tu, kuna mama lishe namfahamu hela ya mchele wa kesho inaingia humo humo. Wake zao nao wanakuja kuniuliza, eti kaka yangu leo baba fulani ametoa hela hapa? Siruhusiwi kutoa siri ya mteja, kwahiyo nabaki namwangalia tu dada wa watu.

Sasa ninachotaka kusema ni hiki, kila nikisikia tangazo la kubeti mwisho wake wanaongeza haraka haraka "cheza kwa kiasi". Yani mzigo wote kabebeshwa mchezaji. Hawa vijana bajeti wanayo, kila mmoja anaingia mle na kiasi chake kichwani, buku mbili, tatu, na anamaanisha kabisa. Ila ile mashine imetengenezwa ili hicho kiasi kisishike, na mtu akishindwa anaambiwa hana nidhamu.

Tupige hesabu kidogo. Dau ni mia mbili, mzunguko mmoja tuseme sekunde sita, hiyo ni mizunguko kumi kwa dakika, kwa saa nzima ni mizunguko 600. Mia mbili mara 600 ni shilingi 120,000 zimepita kwenye kile kitobo ndani ya saa moja, ingawa nyingi ni zile zile zinatoka na kurudi. Mashine ikiwa ya kuwarudishia wachezaji asilimia 90 ya hela zinazochezwa, ambayo ni ya kiungwana, kwa wastani unaacha elfu 12 kila saa. Ikirudisha asilimia 75, na hicho ndo kiwango cha chini kisheria kule Nevada Marekani ilipo Las Vegas, unaacha elfu 30 kwa saa. Hiyo ni hesabu ya bosi ya siku tatu. Na hizi zetu za mtaani zinarudisha asilimia ngapi? Kwenye mashine za huku sijaona palipoandikwa. Buku mbili ya yule kijana ni sarafu kumi, zikigoma zote ni dakika moja, hata soda hajamaliza. Mtu akisikia mia mbili anaona ni hela ndogo, kumbe kinachoua sio dau ni kasi.

Alafu kuna ule ushindi wa uongo. Siku moja nilikuwa nimesimama mlangoni mle nasubiri chenji nikamwangalia jamaa mmoja kwa makini. Kaweka mia mbili kwenye picha ya chungwa, mia mbili kwenye tikiti, kwenye kengele, kwenye nyota, na nyingine kwenye embe, jumla buku. Taa ikazunguka ikasimama kwenye kale kachungwa kadogo kanakolipa mara mbili, muziki ukapiga, taa zote zikawaka, wenzake wakamgonga begani. Kapewa mia nne. Yani kapoteza mia sita na anashangiliwa! Alafu mashine ikamuuliza kama anataka kuzidisha, achague kubwa au ndogo, akachagua kubwa ikaja ndogo, na ile mia nne ikaenda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo kule Kanada walipima jambo hili hili kwenye mashine za kwao, matokeo yakatoka mwaka 2010, wakaona ngozi ya mchezaji inavyotoa jasho akipata kidogo kuliko alichoweka inafanana na akishinda kweli, yani mwili unajua umeshinda wakati mfuko umeliwa. Sasa mtu wa namna hiyo bajeti ataikumbuka saa ngapi?

Kuna na hii imani ya kwamba mashine ikila sana inashiba na lazima iteme, vijana wanaikalia foleni kabisa, mtu akiliwa akaondoka mwingine anakimbilia kiti chake. Ndugu zangu, kwa mashine za kisasa kila mzunguko unaamuliwa upya na kompyuta ya ndani, haikumbuki aliyekaa hapo kabla yako wala haikudai wala huidai. Na zile za kienyeji zisizokaguliwa na mtu ndo kabisa, anayejua zimepangwaje ni mwenye funguo.

Najua kuna watakaosema zipigwe marufuku tu yaishe. Kenya mwaka 2018 serikali ilizikamata na kuzichoma moto hadharani, na mtu ukiona nyumba zinavyovunjika unatamani na huku moto uwake. Ila mi sidhani kama inatosha, maana zinahamia vyumba vya nyuma, na mchezo huo huo wa kuzungusha uko kwenye simu saizi, hapo hata sarafu huhitaji, unabonyeza tu na hela inatoka kwenye akaunti kabla hujapepesa jicho.

Kilichonifanya niandike ni kwamba wenzetu wameshapata njia. Norway waliziondoa mashine zote mtaani mwaka 2007, zilikuwa kwenye maduka na kila kona, na mwaka 2009 wakaleta nyingine za shirika la serikali ambazo huwezi kucheza bila kadi yenye jina lako. Kadi inajua umeliwa kiasi gani leo na mwezi huu, ukifika ukomo mashine inakukatalia, na ukicheza saa moja inakusimamisha upumzike upende usipende. Uingereza nako kwa michezo ya aina hii ya mtandaoni, tangu Oktoba 2021 mzunguko hauruhusiwi kuwa chini ya sekunde mbili na nusu na mchezo hauruhusiwi kupiga muziki wa ushindi kama ulichopata ni sawa au kidogo kuliko ulichoweka. Mwaka 2025 wakaweka na ukomo wa dau, pauni 5 kwa mzunguko, na pauni 2 kwa vijana wa miaka 18 mpaka 24. Wamewatenga vijana kwa makusudi maana wanaona ndo walio kwenye hatari zaidi. Hapo bajeti imehamishwa kutoka kichwani kwa mchezaji ikawekwa kwenye mashine, na ndo panapotakiwa iwe.

Sisi tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na tuna Bodi yake. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Naomba siku moja wahusika waje huku saa tisa alasiri shule zikitoka, waje kimya kimya bila gari la serikali, wasimame tu. Watawaona watoto wa sare mle ndani wameshika sarafu, na mtu mzima anayelinda chumba anawaangalia hasemi kitu. Mwenyekiti wa mtaa anapita hapo hapo. Hili linaniuma kuliko yote kwa kweli, maana mtoto wa darasa la sita hela ya kucheza ni hela ya nauli au ametumwa dukani.

Wakati tunasubiri, kwa anayecheza na hayuko tayari kuacha, niseme ninachowaambia wateja wangu wanaonisikiliza. Hesabu ya bosi kwanza, uitume kabisa kwa simu kabla hujasogelea ule mlango, ikishatumwa huwezi kuila. Mafuta jaza, ya nyumbani tuma kwa mama watoto. Kinachobaki hicho ndo unaweza kusema ni chako, na hata hapo chukua kipande tu, na simu mwachie mwenzako kijiweni maana mle ndani simu ndo inayokurudisha kwangu dirishani. Sarafu za kuchezea ziwe mfuko wa kulia, zinazotoka kwenye mashine ziende mfuko wa kushoto na zisirudi, wengi wanaliwa na ushindi wao wenyewe. Mkopo wa kwenye simu usiuguse kabisa kwa kazi hiyo. Kijana mmoja alianza na hili la kutuma hesabu kwanza na saizi haji tena kuazima kwangu jioni, kucheza bado anacheza, ila pikipiki haijarudishwa kwa bosi. Ila ukijiona unadanganya nyumbani, au unauza vitu, hapo mambo ya mifuko miwili hayakusaidii, mwambie mtu wako wa karibu akushikie hela na uende hospitali uongee nao, uraibu ni ugonjwa na unatibika.

Kwahiyo Mhariri, ombi langu ni kwenu nyie wenye kalamu. Mtuulizie Bodi ya Michezo ya Kubahatisha maswali haya na majibu yao myachape gazetini. Kwanini kila mashine isibandikwe namba ya leseni na asilimia inayorudisha, kwa maandishi makubwa ya Kiswahili? Kwanini mzunguko usiwekewe sekunde za kusubiri? Kadi yenye ukomo wa siku inashindikana nini wakati laini za simu zote tumeshasajili kwa alama za vidole, na kwenye simu kila mtu anajulikana? Na vyumba vya karibu na shule, nani anavipa kibali, Bodi, manispaa au serikali ya mtaa? Maana huku kila unayemuuliza anasema sio yeye.

Wakala wa miamala ya simu,
Mbagala, Dar es Salaam