Kwa Zuberi, kuhusu viangazi na wanaovitabiri

Kwako ndugu yangu Zuberi,

Salamu nyingi, na unisalimie shemeji na watoto. Barua yako imenifikia na nimeisoma yote, hata zile kurasa ulizoandika kwa hasira. Nilipofika pale unaposema kwamba watu wanaoshindwa kutabiri mvua ya Jumamosi wanataka uamini utabiri wao wa kiangazi cha mwaka 2050, nilicheka sana. Lakini swali lenyewe si la kuchekwa, na wanaolijibu kwa kukuita mjinga hawakutendei haki.

Mtabiri wa Jumamosi anafuatilia wingu fulani litakuwa wapi, saa ngapi. Kosa lake dogo la leo linakua kila siku, na baada ya wiki mbili hivi utabiri wake haufai kitu. Anayezungumzia viangazi vya 2050 hana habari na wingu lako. Yeye anapiga hesabu ya joto linaloingia kutoka kwenye jua na lile linaloondoka duniani kurudi angani, halafu anauliza: hewa ukaa ikizuia sehemu ya hilo linaloondoka, wastani utasogea kiasi gani? James Hansen, mwanasayansi aliyekuwa NASA, shirika la anga la Marekani, alilieleza hili kwa mfano wa dadu. Kwa miaka ya 1951 hadi 1980, pande mbili za dadu ziwe kiangazi cha joto, mbili cha kawaida, mbili cha ubaridi. Akakadiria kwamba mwanzoni mwa karne ya 21 pande nne zingekuwa za joto. Ukirusha mara moja hujui itaangukia wapi. Ukirusha miaka thelathini mfululizo, unaijua dadu iliyochezewa. Na ndivyo ilivyotokea: viangazi vya joto la kupindukia, ambavyo katika miaka ile vilishika chini ya asilimia 1 ya nchi kavu kwa wakati mmoja, vilikuwa vimefika kama asilimia 10 alipochapisha hesabu zake mwaka 2012.

Ninapoachana nawe ni pale unapoandika kana kwamba utabiri huu umetolewa juzi na sisi tunaombwa tungoje tuone. Tumeshangoja, Zuberi! Svante Arrhenius wa Sweden alipiga hesabu ya kwanza ya namna hii kwa kalamu na karatasi mwaka 1896. Syukuro Manabe na Richard Wetherald wakaja na ya kompyuta mwaka 1967. Hansen mwenyewe alisimama mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani tarehe 23 Juni 1988. Utabiri wa zamani kiasi hicho unaweza kuuchukua ukauweka kando ya vipimo, na mwaka 2019 Zeke Hausfather na wenzake walifanya hivyo hasa. Walikusanya makadirio 17 yaliyotolewa kati ya 1970 na 2007. Kumi yalilingana na joto lililotokea kama yalivyo. Ukiyasahihisha kwa kiasi cha gesi ambacho watu walikuja kutoa kweli, yanafika 14. Hansen wa 1988 hakuwa kati ya yale kumi. Makadirio yake ya kati yalizidi joto halisi, hasa kwa sababu gesi za CFC, zile zilizotumika kwenye majokofu, zilibanwa na mkataba wa kimataifa uitwao Itifaki ya Montreal, na methani, gesi nyingine inayozuia joto, haikupanda kama alivyodhani. Fizikia yake ilikuwa sawa, alichokosea ni kukisia binadamu watafanya nini. Kosa hilo mimi simlaumu nalo sana.

Sasa nije kwenye 1976, maana najua unaipenda. Kila joto linapotajwa Uingereza hakosekani mtu wa kusema: “Mbona 1976 kulikuwa kukali kuliko hivi na hakuna aliyepiga kelele?” Ukali ulikuwepo, sikatai. Tarehe 3 Julai mwaka huo Cheltenham ilipimwa nyuzijoto 35.9. Halafu tazama kiangazi cha 2025, ambacho Met Office, idara yao ya hali ya hewa, imekitangaza kuwa cha joto kuliko vyote tangu rekodi zao za nchi nzima zianze mwaka 1884. Kipimo chake cha juu kabisa kilikuwa 35.8. Hakikuifikia 1976! Ukiishia hapo unaweza kuondoka umeshinda mjadala.

Usiishie hapo. Wastani wa kiangazi kizima cha 2025 ulikuwa nyuzijoto 16.10, na aliyeshika nafasi ya kwanza kabla yake, 2018, alikuwa na 15.76. Mwaka 1976 sasa haumo hata kwenye tano bora. Inawezekanaje, na kilele ni kilekile? Sehemu kubwa ya jibu iko usiku. Vipimo vya chini vya 2025 vilikaa juu ya kawaida miezi yote mitatu, yaani jua likizama joto halikuondoka. Na usiku hauna mashabiki. Mtu hukumbuka mchana aliopigwa na jua hadi akaota ngozi mpya, hakumbuki usiku uliokuwa na nyuzi mbili zaidi ya ule aliolala utotoni. Ndiyo maana kumbukumbu za wazee, pamoja na heshima zote, si kipimo. Tena usiku huo ndio unaoua: mwili wa mzee usipopoa usiku, kesho yake unaanza na deni. Joto la kiangazi cha 2003 barani Ulaya liliondoka na watu zaidi ya 70,000, wengi wao wazee.

Jambo jingine kuhusu 1976: lile lilikuwa joto la pembe moja ya ramani. Ulaya Magharibi ilikuwa inaungua huku sehemu kubwa ya dunia ikiwa na ubaridi kuliko wastani. Vivyo hivyo na Marekani ya 1936, ambayo wenzako huileta 1976 ikishindwa. Kule ukame na mashamba yaliyokwanguliwa mimea viliufanya udongo ukose hata unyevu wa kupoza hewa. Siku hizi joto linashika mabara kadhaa kwa mkupuo.

Na hicho kiangazi cha 2050 unachokidhihaki, nacho kina kisa. Mwaka 2020 Met Office walitengeneza utabiri wa kubuni wa siku ya Julai 2050, wenye nyuzijoto 40 kwenye ramani ya Uingereza, ili watu waone hali inavyoweza kuwa. Tarehe 19 Julai 2022 Coningsby ikapima 40.3. Kabla ya siku hiyo nchi ile haikuwahi kufika 40. Haina maana kwamba 2050 imeshafika, kwa kuwa siku moja si hali ya hewa ya muongo. Ila waliosema ramani ile ni ya kutishia watoto wamekaa kimya tangu hapo.

Kuhusu jua, uliloandika kwa wino mwekundu kwamba ndilo linaloleta joto hili, nitakujibu kwa ufupi. Kama jua ndilo lingekuwa limezidi, hewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Hesabu ya Manabe ya 1967 ilionyesha kitu tofauti: hewa ukaa ikiongezeka, chini panapata joto na tabaka la juu la hewa, stratosfea, linapoa. Vyombo vilipokuja kupima, vikakuta hivyohivyo. Nobel ya Fizikia ya 2021 Manabe hakupewa kwa kuhurumiwa.

Ila kuna mahali una haki, na nitakuunga mkono hata mbele ya watu. Mwaka 2000 gazeti moja la Uingereza liliandika kwamba muda si mrefu watoto wa kule hawataijua theluji. Wanaijua. Walikuwepo pia waliodai kwamba kufikia 2016 bahari ya Aktiki itakuwa haina barafu wakati wa kiangazi. Barafu imepungua sana, lakini haijaisha. Hao hawakuwa wakisema walichokubaliana wataalamu, lakini msomaji wa kawaida atajuaje? Anaona kichwa cha habari, anakihifadhi, miaka kumi baadaye anakitoa kama ushahidi. Kwa maoni yangu, waliokuza mambo wameleta hasara kuliko wanaokataa waziwazi, kwa sababu walitumia jina la sayansi.

Tena hata modeli zenyewe, yaani programu za kompyuta zinazopiga hesabu hizi, hazijamaliza kazi. Baadhi ya zile mpya za miaka ya karibuni zilitoa joto la kupita kiasi, na IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, katika ripoti ya 2021 halikuzichukua kama zilivyo, lilizipunguzia uzito. Upande wa pili, siku za joto kali Ulaya Magharibi zimepanda kwa kasi kuliko modeli zilivyoonyesha. Hili la pili silioni kwenye barua zako, na ndilo lingepaswa kukukosesha usingizi. Anayesema utabiri hauna uhakika huwa anamaanisha kwamba mambo yatakuwa nafuu kuliko ilivyosemwa. Nani kamwambia kosa linaegemea upande huo tu?

Ukitaka kubishana nami safari ijayo, tubishane juu ya mawingu. IPCC wanasema hewa ukaa ikiongezeka maradufu, joto litapanda kwa nyuzi kati ya 2.5 na 4 hivi, na mawingu ni sababu kubwa ya pengo hilo kubaki pana. Hapo wataalamu wenyewe hawajaelewana, na ningependa kusikia unavyoona. Ukileta mfano wowote, uje na mwaka wake, mahali pake na kipimo chake, cha usiku pia.

Ni mimi ndugu yako,
Salehe