Barua kwa Mwanangu Upendo

Mwanangu Upendo,

Bwana Yesu asifiwe. Mdogo wako amerudi juzi kutoka Dodoma, akatusimulia nyumba yenu yote, marumaru hadi jikoni, maji ya bomba usiku na mchana. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akataja tu katika maneno yake kwamba Biblia yako ya kipaimara iko juu ya friji, risiti za LUKU zimerundikwa juu yake. Tangu hapo sipati usingizi mzuri.

Mtoto alipolazwa ulifunga na kuomba, hayo unayajua kuliko mimi. Sasa ni mzima. Zile saa za alfajiri siku hizi unazifanyia nini?

Daudi alipokuwa akiwindwa na Sauli hakwenda Keila mpaka amemuuliza Bwana, tena mara mbili. Soma 1 Samweli 23. Halafu fungua 2 Samweli 11: watu wake wanazingira Raba, yeye yuko Yerusalemu, ameamka kitandani jioni anatembea juu ya dari. Siku hiyo pia aliuliza, ila alichouliza ni yule mwanamke aliyemwona akioga ni nani. Sura hiyo hunitisha kuliko ya Goliathi.

Usinijibu kwamba sadaka unatuma. Inafika kila mwezi, mhazini wa usharika anakusifu mbele ya wazee, nami kifua kinajaa. Lakini sadaka inatumwa kwa simu, mwanangu. Magoti huwezi kuyatuma.

Mwaka ule kahawa ilipopata bei, nani aliongoza sala ya jioni hapa nyumbani? Mama yako, wewe ukimshikia taa. Mimi nilikuwa narudi mmeshalala. Wala si njaa iliyonitoa kwenye sala, ni shibe. Ndiyo maana nakusumbua.

Amka saa kumi na moja, hata siku ambayo huna shida yoyote ya kumwambia Mungu. Siku hiyo hasa. Na mumeo umwamshe, asisingizie uchovu.

Ng'ombe amezaa ndama jike. Mfereji umeziba kule juu, zamu yetu ya maji imepotea wiki mbili, na migomba ya chini inanyauka. Bati la jiko linavuja, ila usitume hela ya fundi, nitangoja mje Desemba. Mje na ile Biblia. Mama yako anauliza, zile ndizi zilifika kabla hazijaiva?

Baba yako