Hiyo ratiba yako ya kutembeza wageni

Mwanangu,

Nimeisoma ratiba yako ya kuwatembeza wageni Nairobi kwa miguu. Vituo vimezidi. Mgeni akikimbizwa kutoka jengo hadi jengo, jioni atakumbuka malengelenge tu. Punguza, kisha utulie pale penye jambo.

Kuanzia stesheni ya reli, hapo sina ubishi. Reli kutoka Mombasa ilifika 1899 na mji ukaota kando yake. Bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7 iko karibu; waingize, wasome majina ya waliouawa na bomu la 1998 kwenye ubalozi wa Marekani, nawe unyamaze.

KICC, lile jumba refu la mikutano, ipite kwa sentensi moja. Najua unaipenda, ila wameshaiona kwenye picha kabla hawajapanda ndege. Dakika hizo zipeleke Kenyatta Avenue, kwenye sanamu ya askari iliyowekwa 1928 kuwakumbuka Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Yasome kwa sauti, kwa Kiswahili kilichochongwa pale. Waeleze kwamba makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na kwamba soko la Kariokor limerithi jina la kikosi chao, Carrier Corps.

Halafu mbona hukupanga kupita Tom Mboya Street? Historia bila watu wa leo ni nusu ya mji. Waoneshe wachuuzi wanavyotandika gunia, kamba zimefungwa kwenye pembe zake nne na ncha zote ziko mkononi. Kanjo, askari wa kaunti, wakitokea, mvuto mmoja tu, duka limekuwa furushi na mwenyewe ameshapotea kwenye umati. Simu zikae mfukoni hapo, wageni na wewe pia. Na usiwapeleke Jumapili, mji unakuwa umelala.

Chuo Kikuu umekiandikia "picha". Pale karibu ndipo watu walikusanyika Machi 1922 kudai Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni, aachiliwe kutoka kituo cha polisi. Wanaume walipoanza kurudi nyuma, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha nguo yake akawataka wampe suruali zao wavae nguo yake. Umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliokufa. Serikali ilihesabu maiti 21; waliokuwepo walisema ni wengi zaidi. Hiyo isimulie polepole. Ukiulizwa sanamu yake iko wapi, usijitetee kwa niaba ya serikali.

Malizia bustani ya Jeevanjee saa ya chakula cha mchana. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji bustani hiyo mwaka 1906, na miaka ya 1990 wananchi walipinga mpango wa kuigeuza maegesho ya magari. Sasa chini ya miti ile utakuta duara la watu wakibishana siasa, wengine wamesimama, wengine wamekunja gazeti kwapani. Wasogeze wageni karibu. Hawatakaa sana kabla hawajaulizwa wanatoka wapi na kwa nini serikali yao ilifanya hiki au kile. Usiwajibie. Wewe tafsiri tu.

Mama yako